Uvimbe uko sehemu ya kuongea: kwanini wanapima weee, alafu bado wanakuamsha?

Tangu tugusie uvimbe wa ubongo kwenye toleo lililopita, barua zinazouliza kitu kimoja zimejaa, ile operesheni ya mtu kufunguliwa kichwa akiwa macho. Nimechagua chache, majina tumeyatoa. Kwa mliojiunga karibuni, mi ni mtaalamu wa usemi. Kwenye hizi operesheni kazi yangu ni kukaa upande wa uso wa mgonjwa na kumwonyesha picha, kisu sishiki, kwahiyo maswali ya kisu pelekeni kwa wenye kisu.

Shikamoo anti. Kaka yangu ana miaka 34, wamemkuta na uvimbe kwenye ubongo upande wa kushoto, mbele kidogo juu ya sikio. Anaongea vizuri tu ila mara mojamoja jina la kitu linampotea. Sasa kapangiwa MRI nyingine eti ya kuongea, alafu aonane na mtu wa mapicha, alafu siku ya operesheni wanasema atakuwa macho. Mama kakataa kabisa, anasema huo ni ukatili. Na mi najiuliza, kama wana mashine za kuonyesha sehemu ya kuongea iko wapi, si waangalie tu kwenye kompyuta wakate akiwa amelala? – Dada mtu

Marahaba mdogo wangu, na mama mpe pole nyingi. Hilo swali lako la mwisho ndo lenyewe, na hata baadhi ya wahudumu wa afya hulijibu juujuu.

Tuanzie hapa. Mwaka 1861 kule Paris, daktari Paul Broca alikuwa na mgonjwa ambaye anaelewa anachoambiwa ila mdomoni hatoki na kitu zaidi ya "tan". Alipofariki wakaangalia ubongo, sehemu ya mbele kushoto imeharibika. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaelezea wengine, hawa maneno yanatiririka vizuri tu ila hayaeleweki, na shida yao ilikuwa nyuma zaidi, upande wa sikio. Basi vitabu vikachora doa mbili, moja ya Broca moja ya Wernicke, na mpaka leo watu wanaamini kila mtu zimekaa palepale. Hazijakaa palepale. Mwaka 1989 George Ojemann na wenzake wa Seattle walitoa ripoti ya wagonjwa 117 waliopimwa ubongo kwa umeme wakiwa macho, yaani sehemu inaguswa na umeme mdogo kuona kama mtu atakwama kuongea, wakakuta sehemu ambazo kuongea kunazitegemea kweli ni ndogo ndogo, nyingi hata sentimita chache za mraba hazifiki, na zinahama sana kati ya mtu na mtu. Yaani pale ambapo kitabu kinasema Broca, kwa kaka yako panaweza kuwa pamelala kabisa, na kilichobeba lugha kiko pembeni. Ongeza na uvimbe wenyewe, unasukuma vitu, na kama umekua polepole kwa miaka ubongo unakuwa umeshaanza kuhamisha kazi kimyakimya, ndo maana anaongea vizuri.

Kwahiyo ramani ya kitabuni haifai, inatakiwa ramani ya kaka yako. Hapo ndo inaingia hiyo MRI ya kuongea, utaona wameandika fMRI. Mashine ni ileile ya kawaida na makelele yake, tofauti ni kwamba akiwa ndani anapewa kazi, mfano ataje kimoyomoyo maneno yanayoanza na herufi fulani, baada ya nusu dakika hivi anapumzika, anaanza tena, inarudiwa mara kadhaa. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi damu yenye oksijeni inakimbilia pale, mashine inaona mabadiliko hayo na kompyuta inayapaka rangi. Picha inatoka nzuri sana, nyekundu na njano, na ndo tatizo lake, mtu akiiona anadhani amemaliza.

Ile rangi inakuambia sehemu zote zilizoshiriki. Haikuambii ipi ukiitoa mtu atanyamaza na ipi ukiitoa ataendelea kupiga stori. Mtu akitafuta maneno anakumbuka, anajikaza asikilizie kengele ya kupumzika, vyote hivyo vinawaka. Alafu pili, na hii kwangu ndo mbaya zaidi, karibu na uvimbe mishipa ya damu haiitikii kama kawaida, kwahiyo sehemu inaweza kuwa inapiga kazi na kwenye picha ikaonekana kiza. Ukiiamini hiyo picha peke yake ukakata penye kiza, umekata lugha ya mtu.

Hospitali nyingine wana kifaa cha sumaku, TMS. Mgonjwa anakaa kwenye kiti anataja picha, huku koili imewekwa juu ya kichwa inapiga mapigo ya sumaku, fuvu halifunguliwi. Ikigusa sehemu inayohusika mtu anakwama sekunde moja mbili. Hiki kilipolinganishwa na kipimo cha umeme cha chumba cha operesheni kikaonekana ni kizuri kwa kusema "hapa hamna kitu", ila kikisema "hapa pana lugha" kinazidisha, kinashtaki hata wasiohusika. Na kuna skani inayochora nyaya za ndani ya ubongo, traktografia, nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele na ya nyuma. Usizidharau hizo nyuzi, gamba la juu likiguswa mara nyingi majirani wanajifunza kazi yake, lakini nyuzi za chini zikikatwa ubongo unapata tabu sana kuzipata mbadala. Daktari Hugues Duffau wa Montpellier Ufaransa ameliandika hilo kwa miaka mingi.

Sasa kama zote zina kasoro zinafanywa za nini? Za kupanga. Kujua lugha iko upande gani, fuvu lifunguliwe wapi na kwa ukubwa gani, uvimbe uingiliwe kutokea upande upi, wapi pa kuanza kupima kwa umeme, na kama kuna ulazima wa kumwamsha hata kidogo, maana wapo ambao vipimo vikitoka daktari anasema huyu tumlaze tu. Ila vya kumruhusu mtu akate, hapana, kwa maoni yangu daktari anayesema fMRI inamtosha kwa uvimbe uliokaa kama wa kaka yako muulizeni maswali zaidi.

Turudi kwa mtu wa mapicha, ambaye ndo mimi. Siku chache kabla tunakaa na mgonjwa chumba kimetulia, namwonyesha picha za vitu vya kawaida, anataja. Akisita, akikosea, akiita jina lingine, hata mara moja, hiyo picha naitoa. Watu wanadhani ni mtihani wanajikaza, wengine wanakariri kabisa usiku, jamani msikariri! Nataka zibaki picha ambazo akiwa mzima hakosei kamwe, ili siku ile akikwama niwe na uhakika ni umeme umemkwamisha, sio kwamba hiyo picha ilikuwa inampa tabu tokea nyumbani. Pia tunaangalia kusoma, kuelewa sentensi, kuunganisha vitu vinavyoendana, kutegemea uvimbe ulipo na mtu anaishi kwa kufanya nini. Mwalimu na fundi hawana mahitaji sawa.

Kuna kaujanja kamoja ambako kaka yako atafundishwa. Hatumwambii aseme "mkasi" tu, tunamwambia aanze na neno lilelile kila picha, mfano "naona mkasi", "naona kiti", "naona mti". Mi napenda "naona" kuliko "hiki ni" au "huu ni", kwasababu ukitumia hizo inabidi uwe umeshajua ngeli kabla hujalitamka jina, unampa mtu kazi mbili. Faida ya hilo neno la mbele utaiona sasa hivi.

Siku yenyewe. Mara nyingi anaanza amelala kwa dawa, wanafungua, alafu daktari wa usingizi anapunguza dawa mpaka anaamka. Daktari anashika kijiti chenye ncha mbili zilizoachana kama milimita 5, anagusa juu ya ubongo umeme mdogo wa mapigo 50 au 60 kwa sekunde, anaanza na miliampea 1 au 2 anapanda taratibu, na kila mguso ni sekunde kama 4 hivi. Mgonjwa haambiwi anaguswa saa ngapi. Mi nabadilisha picha, yeye anataja. Naona kiti. Naona ndizi. Naona saa. Alafu inakuja ya mkasi: "Naona... naona... aah kile cha kukatia nguo, nakijua, kile cha fundi." Umeme ukitoka tu: "mkasi!" na wengine wanacheka wenyewe. Umeona, "naona" imetoka, mdomo unafanya kazi, kilichopotea ni jina. Ingekuwa amekwama mdomo wazi hata "naona" haitoki, hiyo ni sehemu nyingine, kwenye kumbukumbu tunaiandika tofauti. Mwingine anaita mkasi kisu, mwingine anasema "kamsi", mwingine anang'ang'ania jina la picha iliyopita. Kila kosa lina maana yake na natakiwa niliseme papo hapo kwa sauti, sio baadae.

Wala sehemu haihukumiwi kwa kosa moja. Wanahamia kwingine alafu wanarudi, mara tatu, na kosa likijirudia angalau mara mbili wanaweka kikaratasi kidogo chenye namba pale juu, hapo hapaguswi. Madaktari wengi wanaacha na sentimita moja pembeni yake. Wakianza kukata hatuachi kuongea, tunaendelea, na wakishuka kwenye zile nyuzi wanapima tena. Wakati wote huo kuna anayeangalia mawimbi ya ubongo kwenye skrini, kuhakikisha mtu hajakosea kwasababu umeme umewasha kakifafa kadogo.

Kuhusu ukatili, mwambie mama ubongo wenyewe hauna neva za maumivu. Ngozi ya kichwa inazo, na utando unaofunika ubongo unazo, ndo maana vinapigwa ganzi ya kutosha. Malalamiko ninayosikia pale ni mdomo kukauka, bega limekufa ganzi kwa kulalia upande mmoja, baridi, na kutaka kukojoa wakati mpira wa mkojo tayari upo. Kuna woga pia, sikatai, mwingine analia kidogo tunasubiri. Na upande wa pili wa mzani ni huu: mwaka 2012 zilikusanywa ripoti 90 zenye wagonjwa zaidi ya 8,000 wa glioma (uvimbe unaoanzia kwenye ubongo wenyewe), waliofanyiwa operesheni kwa kupimwa na umeme wakabaki na ulemavu mkubwa wa kudumu ni asilimia 3.4, waliofanyiwa bila kupimwa ni 8.2. Mi ningekuwa na uvimbe hapo alipo nao kaka yako ningeomba niamshwe. Mwombeni daktari mama akae na huyo mtu wa picha kwenye kikao cha kabla, kuona kunasaidia kuliko kuelezwa.

Ila sio kila mtu anafaa. Ambaye tayari maneno yameshapotea sana, mwenye kikohozi kisichotulia, anayekosa hewa usingizini, mwenye hofu iliyopitiliza, mtoto mdogo, hawa mara nyingi wanatafutiwa njia nyingine.

Anti mambo. Mi natumia shoto tangu mdogo, uvimbe wangu uko kulia. Rafiki yangu nesi aliniambia kulia hakuna shida na kuongea, sasa mbona wananipeleka kwenye vipimo vya lugha? – Wa Shoto

Poa. Nesi kasema kweli kwa watu wengi, kwako wewe hapana. Kuna utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2000, waliangalia watu wazima wenye afya na mikono wanayotumia: kati ya wanaotumia kulia kabisa, lugha ilikuwa upande wa kulia wa ubongo kwa asilimia 4 tu, wanaotumia yote mawili 15, na mashoto kabisa 27. Yaani kwa mtu kama wewe inakaribia robo au zaidi kidogo, sasa nani atakata bila kuangalia?

Zamani wangekupeleka kwenye kipimo cha Wada, kwa jina la daktari Juhn Wada aliyekieleza mwaka 1949, dawa ya usingizi inapitishwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo wa upande mmoja, nusu ya ubongo inalala dakika chache na wewe unaongeleshwa. Ukinyamaza, lugha iko nusu hiyo. Bado kipo ila kwa swali hili la upande gani fMRI imekipokonya kazi sehemu nyingi, na hapa naisifia maana kusema kulia au kushoto inaweza vizuri zaidi kuliko kusema ni sentimita gani.

Habari ya kazi dada. Mume wangu anaongea lugha 3, ya kwao, Kiswahili, na Kiingereza ndo cha kazini. Daktari wake Kiswahili hajui kabisa. Watampima kwa ipi? – Mke mwenye wasiwasi

Nzuri mama. Swali zuri sana na msisubiri mpaka wawaulize, waambieni nyie. Tangu mwaka 1978 Ojemann na Whitaker walionyesha kwamba mtu wa lugha mbili anaweza kuwa na sehemu ambazo ukizigusa zinakwama lugha zote, na sehemu nyingine inakwama moja tu nyingine inaendelea kama hakuna kilichotokea. Kwahiyo kupima Kiingereza peke yake kisa daktari anakielewa ni kuhatarisha hizo nyingine mbili, anaweza akatoka anaandika riporti vizuri akarudi nyumbani hamwelewani.

Ila muda hautoshi kila kitu. Akishakaa macho saa moja mbili anachoka, na mtu aliyechoka anakosea hata bila umeme, majibu hayaaminiki tena. Hivyo mkae muamue kabla ni lugha zipi hawezi kuishi bila, na kwa kila moja awepo mtu anayeijua kama mama yake, sio aliyejifunza juzi, maana kosa la sauti moja au ngeli iliyoruka mgeni hatalisikia. Picha nazo zipimwe upya kwa kila lugha, kitu anachokitaja haraka kwa Kiingereza kwa lugha ya kwao anaweza asikijue jina, basi hiyo picha inabaki kwenye lugha moja inatolewa kwingine. Pia kuna zoezi la kumrukisha, picha hii lugha hii ifuatayo lugha ile, kama kazi yake inamlazimu kuchanganya ombeni liwemo.

Nimeona video mama anapiga fidla huku anapasuliwa ubongo. Ndo hiyohiyo? – SMS

Binamu yake. Ile ilikuwa London mwaka 2020, hospitali ya King's College, uvimbe ulikuwa kulia mbele karibu na sehemu inayoendesha vidole vya mkono wa kushoto, na mpiga fidla bila hivyo vidole hana kazi. Kilichokuwa kinalindwa ni mkono. Wa kuongea video zao hazisambai sana, nani ataangalia mtu anasema naona ndizi naona kiti saa nzima.

Shikamoo anti. Baba alifanyiwa hiyo ya kuwa macho, na daktari alisema aliongea mpaka mwisho. Siku ya pili yake akaanza kutafuta maneno, siku ya tatu hasemi karibu kitu ila anatuelewa. Wametudanganya? – Mtoto wa kwanza

Marahaba. Kwa hayo tu uliyoandika siwezi kusema wamedanganya, hili nalijua na linatisha kila familia. Ubongo ukishikwashikwa unavimba, na uvimbe huo wa maji unapanda siku za mwanzo baada ya operesheni, mtu aliyekuwa sawa mezani anazidi kuwa kimya wodini. Mwaka 2008 Sanai, Berger na wenzao wa San Francisco walitoa ripoti ya wagonjwa 250 waliopimwa lugha wakiwa macho: wiki moja baadae 56 walikuwa na shida ya lugha mpya au iliyozidi, ilipofika miezi 6, 52 kati ya hao walikuwa wamerudi walipokuwa au zaidi, 4 ndo walibaki nayo. Na kama uvimbe wa baba ulikuwa mbele juu karibu na katikati ya kichwa, kuna hali inajulikana ya mtu kukaa kimya kabisa kwa siku au wiki alafu maneno yanarudi.

Ila mwambieni daktari leo, asiyajue kwa kusikia. Na akizidi kusinzia, kichwa kikimuuma sana, akitapika, akipata homa, upande mmoja ukilegea, kidonda kikitoa maji au akianguka kifafa, hiyo sio ya kusubiri asubuhi.

Nyumbani muulizeni maswali ya ndiyo na hapana, mtu mmoja mmoja, redio na tivii zima. Mkimwona anatafuta neno mpeni muda, najua roho inauma ila msimalizie kila sentensi. Na msimwongeleshe kwa sauti kubwa, masikio yake ni mazima. Mtaalamu wa usemi aanze naye mapema, msingoje "apone kwanza".

Nina kifafa kwasababu ya huu uvimbe. Kikinipanda katikati kichwa kiko wazi si ndo nimekufa? – SMS

Hapana. Hilo wanalitarajia na wamejiandaa, maana umeme wenyewe unaweza kukiamsha. Pembeni ya daktari kuna maji ya dripu safi yaliyopozwa mpaka baridi kali, yanamwagwa juu ya ubongo palepale na mara nyingi kinakatika haraka, kisipokatika daktari wa usingizi ana dawa mkononi na njia ya kukusaidia kupumua. Baadae mkitulia wanaweza kuendelea kwa umeme mdogo zaidi, au wakaamua kukulaza. Wewe upande wako ni dawa zako za kifafa, hata asubuhi ya operesheni, muulize daktari wa usingizi uzimeze saa ngapi, usiziache kisa umeambiwa usile kitu.